Koti la Saruji

Siku kiwanda kilipomstaafisha Vumbi, hakikumpa saa ya ukutani wala bahasha. Kilimpa mifuko arobaini ya saruji. Lori liliileta saa nne asubuhi mpaka mbele ya nyumba ya mama yake, na wapakiaji wenzake waliokuja kumsindikiza wakamkataza kata kata asiguse hata mmoja. Basi kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba Vumbi akasimama kuangalia wengine wakibeba, mikono ikimning'inia kama ya bwana harusi aliyesahau alichoambiwa afanye.

Jina la Vumbi alipewa na mkewe, kwa sababu kila jioni alirudi nyumbani mweupe kuanzia kope hadi visigino. Inasimuliwa kwamba mwaka mmoja mvua ilimkuta njiani, akatimua mbio ili asigande, na hata hivyo alifika mkono mmoja umekataa kukunjika, ikabidi agongwe kwa nyundo ya mbao ndipo avue shati. Wanaoapa kwamba walishuhudia ni wengi kuliko watu waliokuwa wakiishi mtaa ule wakati huo.

Saruji ina tabia moja: haisubiri mtu. Ikikutwa na unyevu wa msimu mmoja, mfuko unageuka jiwe lenye umbo la mto wa kulalia, na hakuna aliyewahi kulifanyia chochote zaidi ya kulikalia. Mvua zilikuwa zimebakiza wiki sita. Mtu mwenye mifuko arobaini na wiki sita afanye nini? Vumbi akainua macho, akaitazama nyumba iliyokuwa nyuma ya mifuko.

Ilikuwa nyumba ya udongo. Baba yake, marehemu, aliijenga kabla Vumbi hajazaliwa, kwa udongo wa kilimani uliochanganywa na majani makavu na kukandwa kwa miguu, kuta nene kama urefu wa mkono wa mtu mzima. Ndani waliishi watatu: Vumbi, mkewe ambaye alikuwa mshonaji, na mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi. Kiwandani walimtania Vumbi miaka yote kwamba muuza viatu anatembea peku. Alicheka nao. Lakini kicheko kile alikuja nacho nyumbani kila siku pamoja na lile vumbi, na maji ya kuogea hayakukitoa.

Wakati huo Bibi alikuwa amekwenda kumuuguza dada yake, arudi baada ya wiki tatu. Vumbi akaona hiyo ndiyo nafasi. Akamwita Fundi Chapchap.

Chapchap hakuitwa hivyo kwa kejeli. Alikuwa mtu ambaye akianza ukuta asubuhi, mchana tayari anauliza kama kuna soda. Aliupapasa ukuta wa udongo, akatikisa kichwa, akasema ukuta laini namna hii haushiki saruji mpaka utiwe vidonda. Siku mbili nzima yeye na kibarua wake walizichanja kuta kwa sururu, nje na ndani, wakapigilia wavu wa kuku kwa misumari, kisha wakaanza kurusha lipu. Mshonaji aliisikiliza ile sururu akiwa barazani kwenye cherehani yake. Aliuliza mara moja tu kama mama amearifiwa. Vumbi akajibu kwamba akiarifiwa haitakuwa zawadi tena, na kwamba mama atafurahi mpaka alie.

"Kulia atalia," mkewe akasema, akaendelea kushona.

Wiki ya tatu nyumba ilikuwa imevaa koti la kijivu, pembe zimenyooka kama za sanduku. Majirani walisimama wakasema sasa hii ni nyumba. Mwenye duka, ambaye siku zote alimwita Vumbi "wewe", akaanza kumwita "mzee". Vumbi akanunua kiberiti asichokihitaji ili aitwe hivyo mara ya pili.

Bibi aliporudi, aliipita. Alitembea na kikapu chake akaipita nyumba aliyoishi miaka hamsini, akafika nyumba ya tatu ndipo akageuka, akidhani amekosea mtaa. Vumbi alikuwa mlangoni na tabasamu lililomsubiri tangu alfajiri. Bibi akaweka kiganja ukutani. Akakiondoa, akakiweka pengine, kama mtu anayetafuta mapigo ya mgonjwa.

"Asante, mwanangu," akasema. Kisha akauliza kwa upole sana, "Sasa itapumulia wapi?"

Vumbi akacheka, akamwambia mama, saruji haipumui, ndiyo uzuri wake.

*

Kwa miaka hamsini, wiki za mwisho za kiangazi zilikuwa za kukandika. Marehemu alileta udongo wa kilimani kwa mkokoteni, ukamwagwa uani, ukanyweshwa maji, ukalazwa siku kadhaa mpaka uchachuke. Kisha watu wakavua viatu. Bibi aliamini kwamba mtu humjui kwa sura bali kwa visigino: mwongo hukanyaga udongo kwa ncha za vidole, mchoyo hukanyaga pahali pamoja tu, na mvivu huimba sana. Mshonaji alipoletwa mara ya kwanza kama mchumba, hakuulizwa amesoma wapi wala wa nani. Aliambiwa apandishe gauni magotini aingie. Jioni ile Bibi akamwambia mwanawe, "Huyu usipomchukua wewe, nitamchukua mimi."

Udongo ukishaiva ulipakwa kwa viganja, nusu duara juu ya nusu duara, hadi nyumba ikaonekana imefunikwa magamba ya samaki. Mchana wa jua kali ndani kulikuwa na ubaridi wa mtungi. Alfajiri ya baridi kuta zilitoa joto ambalo zililiweka akiba. Na mvua ya kwanza ikinyesha, nyumba nzima ilinukia. Ni harufu ambayo aliyelelewa nayo hawezi kuieleza bila kufumba macho. Vumbi alipokuwa mdogo alikuwa akiulamba ukuta kwa ajili ya harufu hiyo, na karibu na dirisha la mama yake palikuwa na kishimo ambacho ukoo mzima ulikubali kwamba ni kazi ya ulimi wake. Chapchap alikijaza kwa mwiko mmoja.

Kilima chenyewe hakipo tena. Kiwanda kilikizungushia uzio kikaanza kukila kutoka kisogoni, na kwa kuwa kilianzia nyuma, watu hawakugundua mpaka asubuhi moja jua lilipochomoza nusu saa kabla ya wakati wake, na wavivu wa mtaa wakapoteza usingizi ambao hawajalipwa hadi leo. Tanuri lilikuwa kali kiasi kwamba kuku mmoja aliyepita karibu na uzio alitaga yai lililokwisha chemka, na mwenye kuku hakuwa na kazi ila kutafuta chumvi. Kijito kilichoshuka kutoka huko kiliwahi kuwa cha kunywa. Sasa kilipita cheupe kama maziwa ambayo hata paka hayataki, na majani ya mipapai kandokando yake yalikuwa na unga mwaka mzima.

Wakati mmoja Bibi alimwomba mwanawe amweleze saruji inatengenezwaje. Vumbi akaeleza kwa fahari: mawe yanapasuliwa, yanasagwa, yanaingizwa tanurini, moto usiozimwa mchana wala usiku, mpaka yatoke kama yalivyotakiwa, yasagwe tena yawe unga.

"Kwa hiyo mmechoma kilima," Bibi akasema.

"Hatukukichoma, mama. Tumekipika."

"Na kikishaiva, anakula nani?"

Vumbi hakukosa jibu. Alisema, mimi nimekula, mama, na wewe umekula, na watoto wangu wawili wamesoma kwa moto ule ule mpaka wakapata kazi zao huko mbali. Bibi alikubali kwamba hilo ni kweli. Hawakulizungumza tena.

*

Mvua zilikuja kwa wakati wake. Siku ya kwanza Bibi alitoa kiti barazani, akakaa, akavuta pumzi. Akavuta tena. Mkwewe alimwona anavyogeuza kichwa huku na huku, akajua anachokitafuta, naye akasimamisha cherehani akavuta pumzi yake. Hapakuwa na harufu yoyote. Maji yaliteleza juu ya saruji yakashuka chini, basi.

Si yote yaliyoteleza. Saruji ni ngumu na udongo ni laini, na jua likiwaka kila kimoja hutanuka kwa tabia yake, kwa hiyo ndani ya miezi miwili tu lipu ilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele. Maji yalijua kuingia humo. Kutoka hayakujua. Zamani ukuta ukilowa mchana, jioni ulikuwa umeshatoa maji wenyewe kwa ngozi yake yote; sasa uliyanywa ukayafungia. Wiki ya tatu ya mvua ukuta wa chumba cha Bibi, unaopigwa na upepo wa mvua, ulianza kutoka jasho upande wa ndani. Shuka zilikuwa na ubichi. Bibi akaanza kukohoa kikohozi kidogo, cha adabu, akigeukia pembeni kana kwamba ndiye mwenye kosa.

Wa kwanza kuujua ukweli alikuwa mshonaji. Alichukua sindano yake ya kushonea magodoro, ndefu kama kiganja, akaichomeka kwenye ufa karibu na sakafu. Ikaingia mpaka tundu la uzi bila kukutana na kizuizi, kama inaingia kwenye uji. Aliifuta kwenye gauni, akaenda kumwonyesha mumewe, akaichomeka tena mbele yake. Vumbi alikuwa mtu aliyejua saruji kuliko alivyojua watoto wake, na alielewa sindano ile inasema nini.

Chapchap alikuja, akagonga ukuta kwa kidole, ukajibu kama debe. Ushauri wake ulikuwa mfupi: Bibi ahamishwe leo, nyumba ivunjwe kesho, udongo wote utupwe, zisimame kuta za tofali za saruji ambazo vitukuu watazikuta. Mwenye duka alikuwa na chumba cha kupangisha nyuma ya duka. Bibi angekaa huko miezi michache. Vumbi alikuwa ameshakwenda kukitazama. Hakikuwa na dirisha, ila kilikuwa kikavu. Akasimama mbele ya mama yake akamweleza yote hayo huku akiangalia vidole vya miguu yake.

Bibi alisubiri amalize, akakohoa pembeni.

"Mimi humu niliingia na mume," akasema. "Nikitoka, nitatolewa na watu wanne."

Vumbi akamwambia ukuta utamwangukia. Bibi akajibu kwamba ukuta ule alioukanda yeye hauwezi kumwangukia. Labda umwangukie Chapchap.

Uliporomoka kesho yake saa sita na nusu mchana, na kwa kweli haukumwangukia mtu. Bibi alikuwa uani anaanika. Haukutoa kishindo. Udongo ulishuka ndani ya koti lake, ukamwagikia chini kupitia upande wa chumbani, kama unga unaotoka kwenye gunia lililotobolewa. Na kwa muda ambao mashahidi wanabishana hadi leo, wengine wakisema dakika moja na wengine wakisema mpaka chai ya jioni, ile saruji ya nje ilibaki imesimama peke yake, nyembamba, imeshikwa na wavu wa kuku, haina mtu ndani. Kisha ikainama taratibu ikalala uani. Bati likabonyea upande mmoja. Majirani wakaja mbio na magogo wakaliegemeza.

Vumbi alifika mkewe ameshamkalisha Bibi kwenye kiti. Alitazama ule ukuta uliolala chali, wavu umetokeza kama mbavu. Wale wale waliosema sasa hii ni nyumba walikuwa wamesimama wamefunga mikono, na mwenye duka akasema, bila nia mbaya, "Wewe, si ungemuuliza mama yako kwanza?"

"Mama," Vumbi akasema, "nimekuvunjia nyumba."

"Hujaivunja. Umeimwaga."

"Ni mamoja, mama. Yakimwagika hayazoleki."

"Yasiyozoleka ni maji," Bibi akasema. "Huu ni udongo."

*

Vumbi hakumwelewa. Alidhani mama anataka udongo mpya, na udongo mzuri ulikuwa mahali pamoja tu. Kabla ya kufika kwenye jiwe, kiwanda kiliukwangua udongo wote wa juu wa kile kilima na kuurundika pembeni. Kwao ulikuwa taka, na Vumbi aliipita taka hiyo kila siku kwa miaka ishirini na saba. Akaazima mkokoteni, akausukuma mpaka getini.

Mlinzi alikuwa kijana wa watu aliyepata kazi ile kwa Vumbi kumsemea. Alimsalimu kwa heshima zote, akamwita mzee wangu, akamwomba kitambulisho. Vumbi alikirudisha siku ya kuagwa. Basi barua. Hakuwa na barua. Mlinzi akapiga simu ndani, akasikiliza, akarudi na uso wa mtu aliyetumwa jambo la aibu. Alisema udongo ni mali ya kampuni, hauruhusiwi kutoka hata kijiko, na mkokoteni hauwezi kuegeshwa getini kwa sababu za usalama.

"Ningekuwa na uwezo, mzee wangu..." akamalizia. "Saruji je? Saruji naweza kukuitia mtu wa mauzo sasa hivi."

Vumbi akageuza mkokoteni. Ulikuwa mtupu, lakini alikiri baadaye kwamba hajawahi kusukuma mzigo mzito kama ule.

Alimkuta mama yake ameketi juu ya rundo la ukuta wake, kitambaa kimefungwa puani, mkwewe pembeni, wanachagua kama watu wanaochambua mchele. Kulia walitupa saruji, wavu na misumari. Kushoto walitupa udongo. Chapchap alikuwa hapo pia, amekuja kupima msingi wa tofali, na sasa alikuwa amechuchumaa na futi yake ya chuma mkononi hajui aipimie nini.

Bibi alimwuliza mwanawe alikokuwa. Vumbi akasema alikwenda kutafuta udongo. Bibi akacheka mpaka kikohozi kikamshika, akanyweshwa maji, akacheka tena. Akaokota bonge akaliweka kwenye ndoo, akalimiminia maji. Likanyamaza kidogo, likatoa mapovu, likalainika pembe, likakaa chini taratibu mpaka likawa tope, jekundu, lenye majani yake makavu ndani yake kama marehemu alivyoyatia.

"Kila mkokoteni baba yako aliousukuma kutoka kilimani umo humu," akasema. "Kilima kilichobaki ndicho hiki."

Vumbi alichukua kipande cha lipu kutoka rundo la kulia, akakiweka kwenye ndoo nyingine, akakimiminia maji. Watu wanne wazima wakainama kukitazama. Kikakaa vilevile. Aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia ndugu, ile inaweza kufanywa nini. Chapchap akafikiri kweli kweli, na ni lazima asifiwe kwa hilo, akasema kifusi. Inaweza kuzibia shimo la barabarani.

"Kilima kizima," Bibi akasema, wala hakuwa anamlaumu mtu.

*

Udongo ulilazwa siku nane. Siku ya tisa mshonaji akapandisha gauni magotini, mbele ya watu, akaingia. Vumbi akavua viatu akamfuata. Kwa miaka ishirini na saba, kila msimu wa kukandika yeye alikuwa zamu, kwa hiyo visigino vyake vilikuwa vimesahau kazi. Aliteleza, akakaa chini puu, akanyanyuka mwekundu kuanzia kope, na majirani waliomzoea mweupe wakacheka mpaka wakajisahau wakaingia na wao. Bibi alielekeza kutoka kwenye kiti. Yule mwenye duka aliimba sana. Bibi akamtazama mkwewe, mkwewe akainamisha uso asionekane anavyocheka.

Ukuta ulipanda kiasi cha shibiri kwa siku, kisha ulitaka kuachwa. Chapchap alikuja kila asubuhi kuuliza utakwisha lini, akaambiwa ukikauka. Siku ya tano akaacha kuuliza, akavua saa yake akaitia mfukoni. Wakati huo Bibi alilala chumba cha kati na mkwewe, na Vumbi akalala barazani. Kikohozi hakikuisha siku moja. Kilipungua kama kilivyokuja, kidogo kidogo, na asubuhi moja mshonaji akagundua kwamba ana siku tatu hajakisikia.

Kisha Vumbi akachukua tindo na nyundo akaanza kuvua saruji ya kuta nyingine. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupakia malori. Lipu ilitoka na nyama ya ukuta. Kila kipande kilichoanguka kilikuwa na udongo mgongoni, na nyuma yake yakajitokeza majeraha ya sururu, safu kwa safu, mengine bado mabichi. Aliyajaza moja moja kwa kidole gumba. Alivua kuta za ndani, akavua ukuta wa uani, akavua ule wa ubavuni. Wiki tatu zilikwenda. Ukabaki ukuta wa mbele, wa barazani, wenye mlango, ambao ndio wapita njia waliouona na kusifu.

Asubuhi alipoufikia, alimkuta mama yake ameweka kiti chake palepale, mgongo umegusa saruji. Akamwomba asogee kidogo. Bibi hakusogea.

"Hapa paache."

Vumbi akamweleza kwamba na huu utaoza.

"Hautaoza. Baraza ni pana, hapa mvua haijafika tangu baba yako apaue. Paache."

"Mama, unanionea huruma."

"Huruma ya nini? Wewe ulikwenda kule mweusi ukarudi mweupe miaka ishirini na saba." Akaupiga ukuta kwa kiganja, ukatoa sauti kavu. "Mtu akipita akaniuliza mwanangu alifanya kazi gani, nimwonyeshe nini?"

Vumbi alisimama na tindo mkononi. Mkewe aliinua mguu kutoka kwenye cherehani, ikanyamaza. Nyuma ya nyumba Chapchap alikuwa akiita kwamba udongo umeiva, na kwamba yeye peke yake hauwezi.

Vumbi akaketi sakafuni, kando ya kiti cha mama yake, akaegemeza mgongo kwenye saruji yake. Ilikuwa imepoa. Akakaa hapo kitambo, kisha akavua viatu.